Drili na grainda za saiti: zipi salama zaidi kwa umeme

Muuzaji atakutajia wati na muda wa dhamana. Wewe uliza kwanza: umeme ukivuja, nini kitaukata kabla haujamuua fundi? Fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi inalinda waya, si mtu. Umeme wa kusimamisha moyo ni sehemu ndogo sana ya ampia moja, na fyuzi hiyo haitashtuka.

Nafasi ya kwanza ni mashine za betri, volti 18 au 20 (hiyo 20 ni mbwembwe za tangazo, betri ni zilezile). Hakuna waya wa kuburuta kwenye tope wala wa kukatwa na nondo. Chaja pekee ndiyo inayokula volti 230, basi ikae stoo pakavu. Kwa kukata nondo kutwa nzima, gharama ya betri za akiba itakuuma.

Ya pili, na ndiyo ninayoishauri kwa mafundi wengi: mashine ya waya yenye insulesheni mbili (tabaka mbili za kuzuia umeme), ikichomekwa kwenye RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30. Itambue kwa alama ya mraba ndani ya mraba. Haina waya wa erthi, na hilo si kasoro. Lakini maji yakiingia kwenye matundu ya kupoozea mota, insulesheni haisaidii tena. Hapo RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua, inakata ndani ya theluthi moja ya sekunde. Bonyeza kitufe cha T kila asubuhi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua RCD, drili mpya isubiri. Kwa jenereta ndogo muite fundi umeme kwanza: nyingi nyutro yake (waya wa kurudisha umeme) haijaungwa na erthi, na RCD inaweza isikate hata kama kitufe kinaitika.

Ya tatu ni volti 110 kwa transfoma ya saiti, kama Uingereza, ambako mtu akigusa waya mmoja hupata volti 55 tu kwenda ardhini. Usiichanganye na transfoma za kutumia vifaa vya Marekani. Nyingi hazitenganishi mashine na umeme wa ukutani.

Mwisho kabisa, mashine ya bodi ya chuma inayotegemea erthi. Soketi za muda za saiti mara nyingi hazina erthi ya kweli.

Ekstensheni iwe ya mpira, milimita za mraba 2.5, na ikunjuliwe yote. Ikibaki kwenye roli inachemka. Ya mtumba iliyofungwa tepu, muachie muuzaji.