Uzoefu wangu na themostati ya nyuzi 82 kwenye 1NZ: ndiyo, themostati mbovu inaweza kuwasha taa ya injini

Themostati ni vali inayozuia maji ya injini yasipite kwenye rejeta mpaka yafike joto fulani, kwa hii yangu nyuzi 82. Ikikwama wazi, taa ya injini inaweza kuwaka, na ikiwaka kwa sababu hiyo, koodi (namba ya kosa) utakayoikuta mara nyingi ni P0128, yaani injini haifiki joto linalotakiwa. Nimefunga themostati mpya ya Kijapani ya nyuzi 82 kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, gari ambalo taa yake ilikuwa inawaka, inazima yenyewe, halafu inarudi. Iliyotoka ilikuwa kopi isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya joto. Naandika kwa ajili ya wenye IST, Raum, Probox na Corolla za NZE, kwa sababu ni wengi mno hapa Dar wanaoambiwa gereji kwamba mji huu una joto, themostati haina kazi, itolewe tu. Ushauri huo unaharibu injini za watu.

Kompyuta ya injini haiioni themostati. Kwenye 1NZ kifaa hiki ni nta, springi na vali, hakuna hata waya mmoja unaokwenda huko. Inachokiona kompyuta ni sensa ya joto la maji. Gari likiwashwa asubuhi inapiga hesabu: maji yameanza na nyuzi ngapi, hewa inayoingia ina nyuzi ngapi, injini imevuta hewa kiasi gani, gari limetembea kwa mwendo gani. Kwa hesabu hiyo inajua maji yalipaswa kuwa yamefika wapi. Kwa Toyota, mpaka unaotajwa kwenye vitabu vya ufundi ni nyuzi 75. Hesabu ikisema injini imeshapata moto na sensa bado inasoma chini ya hapo, kosa linaandikwa bila taa. Likijirudia kwenye safari inayofuata, ndipo taa inawaka. Sharti mojawapo ni injini ianze ikiwa baridi, joto la maji na la hewa yakiwa karibu sawa. Kwa hiyo gari lililolala usiku kucha ndilo linalopimwa. Lililozimwa nusu saa Posta na kuwashwa tena halipimwi. Tena si kila kompyuta imepangiwa jaribio hili. Taa kutowaka si ushahidi kwamba themostati ni nzima.

Hapa ndipo Dar inapochanganya watu. Themostati iliyokwama wazi inaruhusu maji yapite kwenye rejeta tangu gari linapowashwa. Ukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela mchana, nje nyuzi 30 na zaidi, hewa haipiti kwenye rejeta. Maji yanapanda taratibu mpaka 85, mpaka 90 na kitu, feni inawaka. Fundi akipima muda huo anaona gari zima. Toka alfajiri, pita Kimara uelekee Kibaha ambako njia ziko wazi, shika mwendo wa 80, hewa ipige rejeta: maji yaleyale yanashuka hadi sitini na kitu. Ndiyo maana taa inacheza. Safari tatu mfululizo zikipita bila kosa, kompyuta inaizima taa yenyewe, ingawa koodi inabaki kwenye kumbukumbu kwa muda mrefu. Mwenye gari anadhani tatizo limekwisha, kumbe foleni imelificha.

Kupimia natumia adapta ya ELM327 ya Bluetooth, kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, pamoja na simu. Programu ya Torque inatosha, Car Scanner pia. Soketi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina pini 16. Adapta za bei ya chini ni kopi, na kopi nyingine hazishiki kwenye magari ya zamani kidogo yanayotumia mfumo wa mawasiliano wa ISO 9141, kwa hiyo ijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa. Nyingi pia zinasoma polepole ukifungua vipimo vingi kwa pamoja. Weka viwili tu, joto la maji na joto la hewa inayoingia. Na usifute koodi kabla hujafungua data zilizogandishwa, zile zilizohifadhiwa wakati kosa linaandikwa. Ukikuta humo maji nyuzi 68 na mwendo kilomita 85 kwa saa, umeshajua pa kuanzia. Gereji nyingi zinafuta kwanza, na ushahidi wote unaondoka.

Kabla ya kununua themostati, kuna mambo mengine yanayoleta koodi hiyohiyo. Maji yakipungua, sensa inabaki kwenye hewa na inasoma uongo. Feni iliyoungwa moja kwa moja, ikawa inazunguka tangu unapofungua swichi, nayo inapoza injini kupita kiasi. Dar hili ni la kawaida sana, maana ndiyo dawa ya haraka ya gari linalochemsha. Sensa yenyewe inaweza kuwa imekufa: chomoa soketi yake, weka mita kwenye omu. Maji yakiwa nyuzi 20 inatakiwa isome kati ya kiloomu 2 na 3, yakiwa 80 kati ya 0.2 na 0.4. Asubuhi gari likiwa baridi, joto la maji na la hewa kwenye simu yapishane nyuzi chache tu. Halafu angalia jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii: kama themostati ipo kabisa. Magari mengi ya mtumba yameshatolewa themostati na mwenyewe hajui.

Kuhusu kushika mipira kwa mkono, zoezi la kushika mpira wa juu halifai kwa 1NZ. Themostati iko upande maji yanakoingia kwenye injini, kwa hiyo mpira wa juu unapata moto mapema hata themostati ikiwa nzima. Shika wa chini. Themostati ikiwa nzima, mpira huo unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto ghafla. Ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, pamoja na mwili mzima wa rejeta, vali haifungi.

Ile niliyoitoa ilikuwa na ukoko mweupe kwenye ukingo wa vali na kutu ya rangi ya tofali katikati ya springi, na mwanga ulipita pembeni ya vali ikiwa baridi mezani. Hayo ni maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na gari linaloongezwa maji hayo kila wiki halitunzi themostati, pampu wala rejeta. Mpya niliipima kabla ya kufunga, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Funga uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka kipimajoto pembeni, chemsha taratibu. Chini ya 80 haikufunguka hata kidogo, ilianza kuachia kati ya 81 na 83, na ilipofika 95 uwazi ulizidi milimita 8. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Itoe, iache ipoe, ikague tena kwenye mwanga: lazima ifunge yote. Kopi nyingi zinafeli hapa pa mwisho, zinafunguka vizuri na kurudi nusu.

Kufunga si kazi kubwa ila nafasi ni finyu. Injini iwe baridi. Usifungue mfuniko wa rejeta wa moto, maji yake yana shinikizo na yanaunguza vibaya. Mwaga maji kwa koki ya chini ya rejeta. Kwa 1NZ alteneta inatolewa au inalegezwa ili ufikie nyumba ya themostati, inayoshikwa na nati mbili za spana namba 10. Safisha uso wa aluminiamu kwa kitambaa, usikwaruze kwa bisibisi. Gasketi ni pete ya mpira inayovaa themostati yenyewe. Weka mpya, na usikubali silikoni, kwa sababu ikimeguka inaingia kwenye njia za maji. Kile kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo kikae juu, ndicho kinachoachia hewa. Nati zinakazwa kidogo tu, karibu Nm 9. Ukizikaza kwa nguvu za bega unavunja nyumba.

Weka kulanti iliyochanganywa tayari, nusu kwa nusu, ujaze polepole huku unabinya mipira. Washa gari mfuniko ukiwa wazi, hita kwenye moto wa mwisho, subiri mpaka mpira wa chini upate moto na feni iwake na kuzima. Ongeza, funga. Kesho yake asubuhi angalia tena kiwango, karibu kila mara kinashuka kidogo.

Baada ya kufunga, maji yanapanda bila kusuasua hadi 80 na kitu na kukaa hapohapo barabarani, kwa mwendo wowote. P0128 haijarudi. Taa ya buluu ya baridi, ambayo magari mengi madogo ya Toyota yasiyo na mshale wa temperecha yanayo, sasa inazima mapema. Gia otomatiki inaingia ya juu bila kuchelewa, kwa sababu kompyuta inasubiri injini ipate joto kabla ya kuiruhusu. Mafuta nayo: injini baridi inapigiwa petroli zaidi, na sehemu ya petroli hiyo inateremka kwenye oili. Ute wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kutokana na injini isiyopata moto, si lazima gasketi ya silinda hedi iwe imeungua.

Ikikwama imefungwa, mambo ni mengine. Hapo usitegemee taa ya injini ikuambie kwanza. Taa nyekundu ya joto ndiyo ya kufuata, zima gari papo hapo. Baadhi ya kompyuta zinaandika P0217, lakini ukisubiri koodi utanunua silinda hedi.

Na kuitoa kabisa? Kwenye injini ambayo themostati ina vali ya pili ya kuziba njia ya mkato, ukiitoa njia hiyo inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha kwenye mlima au foleni ndefu.

Lawama yangu kwa bidhaa ni moja: boksi langu halikuwa na pete ya mpira, inauzwa peke yake, na muuzaji hakusema. Ukienda Gerezani au Kariakoo, nenda na namba ya chesisi, fungua boksi dukani, hakikisha namba 82 imegongwa kwenye chuma na si kwenye karatasi tu, ulizia pete, na kataa ya 76 hata ukiambiwa inafaa nchi za joto: inaweka injini jirani kabisa na ule mpaka wa 75.