WRF kwa mvua za jangwani: ya bure, ila itakutoa jasho

Jamani mie nipo Maskati, na tangu ile mvua ya Aprili 2024 nilikuwa na hamu nione mwenyewe kama kompyuta ingeiona mapema, basi nikashusha WRF, ile modeli ya hali ya hewa inayotunzwa na NCAR ya Marekani. Haina bei, unapakua tu. Raha inaishia hapo, mana kuisimamisha kwenye laptopu si mchezo: inataka Linux, inataka kompaila (programu ya kugeuza kodi iwe kitu cha kuendesha) ya lugha ya Fortran, inataka maktaba za NetCDF za kusoma na kuandika faili za data, na zote zikompailiwe na kompaila ileile, ukichanganya inakugomea wala haikwambii kosa liko wapi. Siku nne zilinipotea. Data za ardhi peke yake zinakaribia GB 29 ukishazifungua, bando likaniaga.

Kesi niliyoipa ni 16 Aprili 2024, siku ile Khatm Al Shakla huko Al Ain, karibu na mpaka wetu, walipima milimita 254.8 kwa muda usiofika saa 24, na Falme za Kiarabu wanaweka rekodi tangu 1949 hawajaona kitu kama hicho. Data za kuanzia nikachukua za GFS, modeli ya dunia nzima ya Marekani, bure pia.

Raundi ya kwanza gridi ya kilomita 9, yaani ramani imekatwa vipande vya kilomita 9 kila upande, kichekesho. Mvua imetandazwa nchi nzima kama manyunyu, hakuna palipopigwa sawasawa, kwa sababu gridi pana hivyo haiwezi kuliona wingu la radi lenyewe, modeli inalikisia tu kwa fomula. Nikaongeza boksi la ndani la kilomita 3, humo cu_physics, swichi ya ile fomula ya kukisia, nikaiweka 0 ili mawingu yajijenge yenyewe, nikawasha, dakika chache ikafa, CFL error, yaani upepo umekwenda mbali kuliko hatua moja ya hesabu inavyoweza kuufuata. Kumbe milima ya Hajar ya huku kwetu Oman! Jebel Shams inakaribia mita 3,000 na inapanda ghafla, upepo wa pale unaishinda hesabu. Wanasema time step, ile hatua ya muda ya kila hesabu, iwe sekunde sita kwa kila kilomita ya gridi, yaani 18 kwa boksi langu, mie nikashusha mpaka 12 ndo ikatulia, ikakimbia usiku kucha feni inalia kama pikipiki.

Asubuhi nikafungua faili, kila saa mvua inazidi tu, nikapiga ukelele, mama akauliza jikoni "kwani imeanza tena?" Hapana mama, ni mie sijatoa! RAINNC, ile namba ya mvua kwenye faili, inajumlisha tangu modeli ilipoanza kukimbia, ukitaka ya saa moja lazima utoe ya saa iliyopita. Msifanye kosa langu.

Kitu cha kuangalia sana huku kwetu ni mp_physics, swichi inayochagua skimu, yaani fomula za namna matone ya wingu yanavyoundwa na kuanguka. Hewa chini ya wingu ni kavu mno, matone mengi yanakauka njiani kabla hayajagusa mchanga, sasa kila skimu ina namna yake ya kuyakausha. Nilijaribu skimu namba 6 na nikajaribu namba 8, ramani mbili tofauti, hali ya hewa ileile.

Na wale ndugu zangu wanaosema mvua ile ilitokana na "wamepanda mawingu na ndege", yaani kumwaga chumvi mawinguni: kwenye namelist yangu, faili la mipangilio ya modeli, hamna ndege wala chumvi, na mvua ilikuja vilevile.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kiasi cha mvua kilikaribia lakini mahali ilinikosea, ilimwaga bonde la pili, na mwenye gari lake ndani ya wadi, bonde la mto mkavu, huwezi kumfariji kwa kumwambia modeli ilisema itanyesha wadi ya jirani. Kwa hiyo usiendeshe mara moja ukaamini, badilisha saa ya kuanzia, endesha tena na tena, uone bonde gani linajirudia.

Sasa hivi nimewasha kimbunga Shaheen cha Oktoba 2021, kile kilichoipiga pwani ya Batinah. Imefika saa ya sita, haijafa bado.