Begi la mtumba lenye neno ARETE: nyota nne, moja imeliwa na mwiba

Nililinunua sokoni Kongowea, mtumba lakini kamera kabisa, yaani chaguo la kwanza, jamaa alianzia elfu moja mia tano nikamshusha mpaka mia tisa. Lebo ishang'olewa kwa hivyo kampuni siijui, kilichobaki ni neno moja limeshonwa kwa uzi mweupe, ARETE, na hilo neno limenisumbua kuliko hata zipu.

Mara ya kwanza nilikumbuka jografia ya sekondari, ile mada ya barafu, mwalimu anachora Mlima Kenya ubaoni: barafu inaula mlima upande huu, nyingine inaula upande ule, mashimo mawili yanasogeleana mpaka katikati kunabaki ukuta mwembamba kama makali ya kisu, basi hiyo ndo arete. Nikasema kumbe hili begi ni la watu wa kupanda Batian, kile kilele cha juu kabisa, kule mita 5,199, na mimi nalipandisha feri ya Likoni na laptopu na sahani za mamangu hehe.

Binamu yangu anayesoma Kifaransa alicheka mpaka akakaa chini. Ati kwao arête, e ikivaa kikofia, ni mgongo wa mlima sawa, lakini mezani ni mwiba wa samaki! Imetoka kwa Kilatini, arista, zile nywele kali za suke la ngano, ndo maana inashika kila kilichochongoka. Mwenye kula mwatiko na miiba yake ile atanielewa.

Sasa begi langu halina kikofia, ni herufi kubwa tupu. Kuingia kwa simu nakuta Wagiriki nao wana aretē yao, wala haina undugu na ya Wafaransa, maana yake ubora, tena si ubora wa kujisifu, ni kitu kufanya vizuri ile kazi yake, hata farasi alikuwa nayo na ya farasi ni mbio.

Haya, kazi ya begi ni kubeba. Miezi mitatu linabeba laptopu, chaja, chupa ya maji, siku moja hata unga pakiti mbili na mafuta, na hakuna mshono ulioachia. Mvua ya Mei ilinipiga pale Buxton nikarowa mpaka soksi, makaratasi ndani makavu. Zipu ya mbele hukwama, nimeisugua mshumaa ikalegea.

Shida ni mgongoni. Ndani kuna waya wa kulinyoosha, wiki ya pili tu ukatoboa kitambaa, kila tuktuk ikiruka tuta unanidunga chini ya bega. Binamu: "Si nilikwambia wewe umeuziwa la samaki?" Fundi viatu wa mtaani akaukunja akashonea kiraka cha ngozi, shilingi mia, na tangu hapo sijadungwa.

Ukiliona jingine kama hili chukua, ila kabla hujatoa pesa pitisha mkono mgongoni kwanza.