OpenStreetMap au Waze: mhariri mpya wa ramani aanzie wapi?

Kama huendeshi gari, anzia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Unafungua akaunti, unabofya kitufe cha kuhariri, na kihariri cha iD kinafunguka ndani ya kivinjari. Unaweza kuhariri popote duniani, na ukihifadhi tu, badiliko linaingia kwenye hifadhidata. Kosa nalo linaingia papo hapo.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye makutano. Barabara mpya inakatiza ya zamani, kwa macho zimeungana, kumbe hazina nukta ya pamoja. Programu ya kuelekeza njia haioni pa kukata kona, na dereva anazungushwa bure. Kuza picha, buruta ncha ya mstari mpaka inase kwenye barabara ya pili, ndipo uhifadhi. Tafadhali, usinakili majina kutoka Google Maps, leseni hairuhusu.

Waze, programu ya kuelekeza madereva ambayo ramani yake huhaririwa na watumiaji wake, inamfaa dereva wa kila siku. Mgeni huanza ngazi ya 1, akihariri karibu na njia alizopita akiwa amewasha programu. Barabara kubwa mara nyingi zimefungiwa wenye ngazi za juu. Kagua mishale ya kona kila makutano: kijani unaruhusiwa, nyekundu hapana. Badiliko halionekani kwa madereva hadi ramani isasishwe, kwa hiyo usilirudie.