Nimejaribu Ala za Asili Mama Ngina: Ipi Itahimili Hewa ya Pwani?

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko tamashani Mama Ngina, ukingoni mwa bahari hapa Mombasa, na mkisikia vuma-vuma ni upepo tu; maikrofoni nimeivisha soksi. Kule jukwaani wamepanga maspika marefu kama minazi. Mimi nimejichimbia banda hili la ala zisizotaka umeme. Nataka kujua moja: mtu anayeishi Mombasa anunue ipi?

Udi kwanza, maana ndio ulionileta. Hebu tazameni mgongo huu, vibao vyembamba vimepindwa na kugandishwa kimoja kimoja mpaka ukawa kama boga lililopasuliwa. Nyuzi 11: jozi tano, na mmoja mnene peke yake. Shingoni hamna vigawanyo kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kikikosea hata unywele, umeharibu. Nimeshika risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, nikapiga... msinicheke. Mzee wa banda akanitazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, udi haukwaruzwi. Legeza kiganja." Nikalegeza. Sikizeni sasa. Hiyo sauti naisikia tumboni kabla ya masikioni, wallahi. Tatizo ni hivi vigingi vya kukazia nyuzi. Ni vya mbao, na unyevu wetu huu huvivimbisha. Vinakwama, ukivilazimisha vinaruka ghafla na uzi umekwenda kombo. Kila jioni utakuwa unatega upya, yaani kurekebisha sauti ya nyuzi.

Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi 8. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe, leo ni nailoni, mshipi uleule wa kuvulia samaki. Hapo nimefurahi: ukikatika, waenda kwa wavuvi. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akigonga fremu huku vidole vya mkono vikitembea. Nimejaribu vyote kwa pamoja. Mkono ulienda Kisumu, mguu ukabaki Likoni. Halafu ngozi iliyowambwa juu yake hulegea hewa ikiwa na unyevu, nayo hiyo hapa hatuikosi.

Kuna na taishokoto, kinanda kilichobuniwa Japani 1912, vitufe kama vya taipureta, taarabu ya Mombasa ikakichukua kikawa chake. Hiki cha leo vitufe viwili vimekwama kwa kutu. Nimekirudisha.

Sasa kayamba la Wamijikenda. Matete yamefungwa pande mbili, mbegu kavu ndani. Lishike kwa mikono yote miwili, liinamishe huku, liinamishe kule, dole gumba ligonge. Si kama mvua ikianza juu ya makuti? Halina uzi, halina ngozi, halitegwi. Ila kabla hujalipa, kagua kingo. La kwanza nimelitikisa, mbegu tatu zikanidondokea kiatuni. Mzee akacheka, akanipa jingine.

Ndilo nililonunua, bei nimeiandika chini ya video. Udi nimeuacha bandani, lakini namba ya mzee ninayo.