RTL-SDR Blog V4 na antena yake: kifaa cha kuwasikilizisha watu anga za juu hapa Tanga

Hiki ni kipokezi cha redio chenye ukubwa wa flashi, kinachomekwa kwenye USB ya laptopu na kupokea kuanzia kilohezi 500 hadi takriban megahezi 1,766. Shule au klabu ya sayansi inayotaka kuwakusanya watu jioni pale Raskazone wasikie anga kwa masikio yao, kwa bei yake haitapata kilicho bora zaidi. Chukueni seti yenye antena ya mikono miwili ya kuvuta. Matokeo hutegemea antena na mahali iliposimama kuliko kipokezi chenyewe.

Wasikilizaji waelezwe mapema kwamba sauti haisafiri kwenye ombwe. Kinachoingia ni mawimbi ya redio, na programu ndiyo inayoyageuza kuwa sauti. Rekodi ya kundi la galaksi la Perseus iliyotolewa na NASA mwaka 2022 ni jambo jingine: ni mawimbi ya shinikizo ndani ya gesi, yaliyopandishwa oktavu 57 na 58 ili sikio liyapate. Inapendeza mno, lakini ni rekodi. Kwa kifaa hiki mnapata kinachotokea saa hiyohiyo.

Anzeni na Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, kwenye megahezi 145.800, FM nyembamba. Vuteni kila mkono wa antena sentimita 47 (kuna kama sentimita 2 za chuma ndani ya kitako), ilazeni mikono iwe na pembe ya nyuzi 120, mahali pa wazi. Upande wa bahari unafaa sana kwa sababu hakuna jengo linaloziba upeo. Kituo hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo masafa yanahama: kikichomoza tegeni karibu 145.803, kikiwa juu 145.800, kikizama 145.797. Mpito mzuri ni dakika kama kumi tu, basi laptopu iwe tayari kabla.

Tatizo kubwa ni ukimya. Mara nyingi hakuna anayezungumza kwenye 145.800, na watu walioalikwa hurudi nyumbani wakiamini kifaa ni kibovu. Angalieni kwanza ratiba za ARISS, mpango wa redio ya ridhaa kwenye ISS, na mwite watu siku za matangazo ya picha, SSTV. Hapo mlio unaopanda na kushuka hutoka kwenye spika, na simu yenye programu ya Robot36 ikiwekwa karibu nayo huchora picha mstari kwa mstari, dakika mbili hivi kwa picha ya mfumo wa PD120. Watoto hawabanduki. Siku nyingine jaribuni milio mifupi ya data kwenye 145.825.

Kifaa kikionekana kiziwi kabisa, shukuni programu endeshi (driver). V4 inahitaji zile mpya za RTL-SDR Blog. Za zamani hazikielewi kitafuta masafa chake. Kama badala yake skrini imejaa vituo visivyo na mpangilio, ukuzaji (gain) umezidi. Kipokezi hupima mawimbi kwa biti 8 tu, yaani kwa hatua chache, na hapa Tanga redio za FM na mawasiliano ya meli bandarini, karibu megahezi 156, hukilemea kwa urahisi. Punguzeni ukuzaji hatua kwa hatua mpaka vituo bandia vitoweke. Taa za LED, chaja za simu na vidhibiti vya sola hutoa mngurumo pia, kwa hiyo laptopu itumie betri yake, na spika kubwa na umeme wake vikae mita kumi kutoka kwenye antena. Waya ukipungua, msiongeze ule mwembamba wa seti. RG6 ya dishi inafaa na ipo madukani. Viungio vizungushieni mkanda wa mpira, maana chumvi ya pwani huvila upesi.

Sababu ya kuchagua V4 badala ya toleo la awali, V3, ni Jupita, kwani V4 hushika masafa ya chini vizuri zaidi. Mlipuko wa redio wa sayari hiyo uligunduliwa mwaka 1955 na Bernard Burke na Kenneth Franklin, na husikika chini ya megahezi 40. Tengenezeni antena ya waya wa mita 7.1, uliokatwa katikati, kila nusu mita 3.55, ukining'inia juu ya mita tatu, kisha tegeni megahezi 20.1. Milipuko mirefu hupanda na kushuka kwa sekunde kadhaa. Mifupi ni kama changarawe iliyorushwa juu ya bati. Subirini usiku wa manane, Jupita ikiwa juu, na siku ambayo mwezi wake Io uko mahali panapochochea milipuko. Kwa waya mmoja mtapata dhoruba kali tu, na usiku mwingine hamtapata kitu. Hili msiliweke kwenye tangazo la mkusanyiko; lifanyeni na kikundi kidogo chenye subira.