Kufufua EJ205 au kuvalisha EJ207: Impreza yangu kutoka Kisekka hadi Ndeeba

Kwa wenye haraka: sikubadilisha injini. Nimeifufua ile ile EJ205, injini ya lita mbili yenye turbo, iliyotoka na Subaru Impreza yangu kiwandani. Silinda zilichongwa Katwe, injini ikafungwa Ndeeba, mitaa ya Kampala yote miwili, na ndani nikatia pistoni za foji, yaani za alumini iliyoshindiliwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu. Gereji ya Ndeeba naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza ilipotelea wapi. Wauza injini wa Kisekka, soko la spea la Kampala, siwezi kuwapa nyota kwa jumla maana mle mna watu wa kila aina, ila nitasema niliyoyaona.

Gari ni Impreza WRX ya 2003, bodi ya GDA, gia tano za mkono. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, na gari hili ndilo linalonipeleka Kampala na kunirudisha: Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, halafu foleni ya Mukono. Lilianza kwa kunywa oili. Baadaye moshi wa bluu ukawa unatoka kila nikiachia mafuta kwenye mteremko, na likisimama kwenye taa linatetemeka. Tulipopima kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa ndani ya silinda, silinda tatu zilisoma kama psi 150, ya nne haikufika 100. Wenye Subaru wanaijua hiyo silinda ya nne. Injini hizi zikifa kwa joto au kwa petroli dhaifu, mara nyingi ndiyo inayotangulia.

Watu wa kwanza kunishauri walisema uza, ongeza pesa, nunua nyingine. Hao hawajui sheria ya 2018. Marekebisho yale yalizuia gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa lisiingie Uganda, na lenye miaka tisa kwenda juu likawekewa tozo ya mazingira. Mimi nakaa kwenye geti lenyewe, nimeona watu wakibishana na jambo hilo hadi wakachoka. Maana yake ni kwamba Impreza za umbo hili zilizoko nchini ndizo hizo hizo, haziongezeki. Bodi yangu haina kutu wala haijapinda, siwezi kuitupa kwa sababu ya pistoni moja. Injini, kwa upande wake, huingia kama spea. Hapo ndipo swali lilipobaki na njia mbili tu: kuvalisha injini kubwa zaidi, au kutengeneza hii iwe bora kuliko ilivyokuwa.

Moyo wangu ulitaka EJ207, sifichi. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1999, Charles Muhangi alipochukua ubingwa wa rali wa Afrika kwa Impreza, ugonjwa huu tunao damuni. EJ207 ndiyo injini ya STI ya Japani, Impreza kali kuliko WRX: lita mbili zile zile, kipenyo milimita 92 na mwendo milimita 75 kama ya kwangu, lakini kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 280 dhidi ya 250 za WRX, na inapanda hadi mizunguko 8,000 bila kulalamika. Block yake, yaani mwili wa injini wenye silinda, pia imeshikwa vizuri zaidi juu ya silinda. Kwenye karatasi hakuna ubishi.

Nikaenda Kisekka. Kama hujawahi kununua injini pale, zimelala chini kwenye oili, zimepangwa kwa ukoo, na kila muuzaji anakuita kabla hujafika.

"Ssebo, hii ni jenuini, imetoka Japani juzi."

"Kompyuta yake iko wapi?"

"Kompyuta utapata, usijali."

Hapo ndipo swali zima lilipo, wala si kwenye farasi. EJ207 bila kompyuta yake inayoiongoza, waya zake, turbo yake na mabomba yake ya moshi ni chuma tu. Zile za miaka ya baadaye zina turbo ya njia mbili, na hiyo haikubali mabomba ya WRX. Niliomba wapime kompresheni pale pale kwa betri na stata. Muuzaji mmoja alikubali bila maneno, nikamheshimu. Mwingine alisema injini zake hazipimwi, zinaaminiwa. Wa tatu aliniruhusu nifungue sampu, bakuli la oili chini ya injini, na chini ya oili kulikuwa na unga unaong'aa kama poda ya mwanamke. Huo ni unga wa beringi zilizokwisha kulika. Injini hiyo ingewaka vizuri na kuimba, halafu ianze kugonga kabla sijafika Lugazi. Garantii waliyokuwa wakinitajia ilikuwa ya kuwaka tu, ya kugonga haimo.

Bei niliyotajiwa kwa EJ205 nyingine ya mtumba ilikuwa shilingi za Uganda milioni nne na nusu. Kwa EJ207 kamili, ikija na nusu ya mbele ya gari iliyokatwa kwa msumeno huko ilikotoka ili usikose waya hata mmoja, niliambiwa milioni 19, na kufunga ni juu yangu. Kulikuwa pia na kijana aliyening'ang'aniza nichukue lita mbili na nusu isiyo na turbo, eti ukubwa ndio nguvu. Kampala iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi tu, wakati turbo hujitahidi kuifidia. Kuitoa turbo kwenye gari la Uganda ili uwe na kasi ni hesabu ambayo sijaielewa mpaka leo. Na ile lita mbili na nusu yenye turbo, EJ257, inajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni pale ringi zinapokaa, kwa hiyo nayo niliipita.

Gereji ya Ndeeba niliipata kupitia dereva wa lori anayepitisha mizigo kwangu. Iko nyuma ya wauza mbao, haina kibao, na vumbi la mbao ndilo jambo la kwanza lililonitia wasiwasi. Fundi ni mtu wa makamo, alijifunza kazi Nairobi kwenye gereji za Grogan, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili safi. Nikamweleza ndoto yangu ya EJ207. Hakunicheka.

"Sawa bosi. Utaifunga na gia boksi gani?"

"Hii hii."

"Hii ya gia tano ya WRX? Utakuja kuichukua kwa ndoo."

Akanieleza jambo ambalo Kisekka hakuna aliyeligusa. Gia boksi ya STI ni ya gia sita na ni nzito kwelikweli, lakini huwezi kuichomeka peke yake. Uwiano wa diff ya mbele (diff ni gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ambayo imo ndani ya gia boksi, lazima ulingane na wa diff ya nyuma. Ukiweka ya mbele ya gari moja na ya nyuma ya gari jingine, magurudumu yanavutana, na diff ya kati inaungua. Kwa hiyo injini inavuta gia boksi, gia boksi inavuta diff ya nyuma na shafti zake, na nguvu zote hizo zinadai breki. Milioni 19 zilikuwa zinaelekea 30 kabla sijanunua pedi. Juu ya hapo namba ya injini iko kwenye logi buku, lazima ibadilishwe rasmi na uwe na karatasi za forodha za hiyo injini mpya. Kazi hiyo naijua, ndiyo maana siipendi.

Tukakubaliana kufufua. Pistoni za foji niliziagiza nje mwenyewe, na ushuru wake nikajifanyia. Pistoni na ringi zilifika milioni 3.2. Beringi, gasketi, pampu ya oili na mkanda wa taimingi na roller zake, milioni 2.4. Kuchonga laki tisa. Ufundi milioni 1.5. Kupanga upya kompyuta laki sita. Jumla milioni 8.6. Mkanda usiufanyie ubahili: kwenye injini hizi ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na hizo 8.6 unazianza upya.

Katwe ndiko kulikonishangaza. Silinda zilipanuliwa kutoka 92 hadi 92.5, ambayo inaifanya injini kuwa cc 2,016 badala ya 1,994, tofauti usiyoisikia mguuni. Nilichokuwa naogopa ni kitu kingine. Block ya Subaru ni ya nusu mbili za alumini, na ukikaza hedi, kile kifuniko cha silinda, juu yake silinda zinajipinda kidogo sana. Ukichonga bila kitu kilichokazwa mahali pa hedi, silinda ni mviringo mezani na yai ndani ya gari. Mzee wa mashine alinyoosha mkono chini ya meza akatoa bamba nene la chuma lenye matundu ya bolti na matundu ya silinda, alilolitengeneza mwenyewe. Akalikaza kwa spana ya torki kwanza, ndipo akaanza. Nilisimama pale hadi akamaliza. Mtu huyo nyota tano.

Ndeeba pia walijua kazi. Kwenye injini hii ambayo silinda zake hulala ubavu, pini za pistoni huingizwa kupitia matundu ya pembeni ya block baada ya nusu mbili kukutanishwa. Nimewahi kuona mafundi wakihangaika nayo kwa nyundo, wakaacha mikwaruzo ndani. Huyu alikuwa na kifaa chake maalumu, na kabla ya kufunga alitundika turubai jipya kuzuia lile vumbi la mbao. Wasiwasi wangu ukaisha.

Sasa nyota iliyopotea. Alisema wiki mbili, ikawa zaidi ya mara mbili ya hapo, na simu ikawa haipokelewi kila siku za Ijumaa. Baada ya kulichukua gari, kifuniko cha valvu cha upande wa kushoto kilivuja oili juu ya ekzosi, likanuka kuungua hadi Namanve. Alirekebisha bure bila kubishana, lakini safari ya kurudi Kampala ni mafuta yangu. Kuhusu klachi pia hakuniambia mapema. Ya zamani imeanza kuteleza gia ya nne nikikanyaga kwa nguvu, jambo ambalo angelibashiri siku ile ile tulipozungumza habari za gia boksi.

Kwenye barabara? Kilomita 1,000 za mwanzo nilikwenda kwa adabu, bila kuiita turbo, halafu oili ikamwagwa. Baada ya hapo fundi alikaa kiti cha abiria na laptopu tukaingia barabara ya kulipia ya Entebbe. Ramani ya kompyuta ya Japani ilipangwa kwa petroli ya kule yenye oktani 100, ya kwetu haifiki hapo, kwa hiyo aliirudisha nyuma cheche kidogo na kuiacha presha ya turbo karibu bar moja. Aliniambia ingeweza kwenda juu, ila pampu ya petroli na sindano ni za kiwandani, akakataa. Nilipenda kukataa kwake. Alitaja na idadi ya farasi pia, lakini hatukuwa na mashine ya kupimia, kwa hiyo hiyo namba siiandiki.

Ninachoweza kuandika ni hiki: kupita lori la kontena kati ya Iganga na Bugiri gia ya tatu inatosha, na turbo inaamka mapema, karibu mizunguko 3,000. Moshi umekwisha. Oili haipungui kati ya huduma na huduma. Asubuhi likiwa baridi pistoni zinasikika zikigongagonga, tik tik tik, kwa sababu pistoni za foji hupewa nafasi kubwa zaidi ya kutanuka. Likipata joto, kimya. Jirani yangu aliniamkia akanipa pole ya injini. Nimeacha kumweleza.

Kuna mtu anayepaswa kuvalisha EJ207, na huyo namfahamu: block yake ilitobolewa na fimbo ya pistoni, hakuna cha kuchonga, na ana nia ya kwenda kushindana kwenye uwanja wa mbio wa Busiika, si kufika kazini. Achukue nusu gari zima pamoja na gia sita na diff yake, au asianze. Kununua injini tupu Kisekka halafu kutafuta kompyuta polepole ni kuliegesha gari mwaka mzima. Na mwenye block nzima kama yangu akiniuliza ainunue ile EJ205 ya milioni nne na nusu aokoe nusu ya gharama, nitamwambia apime kwanza, afungue sampu, na akikatazwa mojawapo aondoke.

Ukienda Ndeeba, nenda katikati ya wiki. Jumamosi wamejaa watu wa kubadilisha springi na ekzosi za kelele. Lipa kwa awamu: spea kwanza, ufundi siku injini inapowaka. Oili nunua mwenyewe kituoni. Mwulize kuhusu klachi siku ya kwanza, na mwambie akupigie kabla ya kufunga nusu mbili za block, uje uzione beringi zako kwa macho. Kwangu alifanya hivyo bila kuombwa, siku ya Jumapili, na picha juu.